Mzee wa Mizinga

Shuleni, Tabora
Jumapili, 13 Julai

Dada Recheli,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, wala Mustafa ninayekaa naye dawati moja. Mzee wa Mizinga ni mimi.

Yule ambaye shemeji Raymundi anamsoma simuni, kwenye kundi la wanahisa wadogo, anayesema amezeekea msituni Sikonge, ni mimi mdogo wako wa Kidato cha Tatu.

Unakumbuka Pasaka nilipokuja kwenu Puge, shemeji aliniona nasoma ukurasa wa biashara kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Akacheka, akaniingiza kwenye kundi kupitia simu ya mama, akasema nisome tu, nisiandike. Nilisoma. Wakubwa walikuwa wanabishana kuhusu kampuni ya asali ya Nzuki, iliyokuwa imeanza kuuza hisa zake: wengine walisema itapata mkataba wa kupeleka asali na nta nje, wengine walisema ni jina tu na nembo. Niliona hakuna hata mmoja anayejua nyuki. Nikaandika kwa adabu, "Naomba kuwauliza wakubwa zangu, je, kampuni inanunua asali ya msimu gani?" Alinijibu mtu mmoja tu, anaitwa Mtoto wa Ilala: "Dogo, kafanye homuweki."

Mwezi wa sita nilipokuwa likizo nyumbani, nikafungua jina jingine kwenye simu hiyohiyo ya mama, maana kundini namba hazionekani, majina tu. Nikaandika kama baba angeandika, kama baba angekuwa mtu wa kuandika. Nikasema nina mizinga mia mbili. Nikasema lori la Nzuki linapita kijijini kila siku mbili likiwa na ndoo za njano, na watu wanazifunga kwenye baiskeli mpaka mwendeshaji haonekani, na kwamba mfugaji haombi ndoo kama hana cha kutia. Ndoo niliziona kweli, dada. Hilo sikulitunga.

Wakaniamkia. Watu wazima wenye kazi zao, mmoja ni mwalimu mkuu mstaafu, wakaandika "Shikamoo Mzee." Nami nikajibu marahaba. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Lilikuwa jepesi sana kulijibu.

Hisa moja ilikuwa shilingi mia nne. Likizo ilipokwisha niliwaaga kwamba Mzee anaingia porini, nikarudi bwenini, nayo ilikuwa mia tano themanini. Sijui kama ni mimi. Nilijiambia si mimi. Lakini jana Mustafa alinipeleka dukani kwa baba yake kununua daftari, nikakuta wanaume watatu barazani wanasomeana simu. Mmoja anasema, "Mzee kasema mfugaji haombi ndoo kama hana cha kutia. Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima." Nikatoka bila daftari.

Sina hisa hata moja. Sikutafuta hela. Nilitaka nijibiwe tu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya patroni tunapiga tukiwa foleni, kila mtu anasikia. Barua hii Mustafa atampa kondakta wa basi la Nzega, aishushe kwenye duka la dawa jirani na zahanati yako. Naomba uniambie nifanye nini. Naomba pia usimwambie shemeji kwanza.

Mdogo wako,
Zablon


Puge
Jumapili, 20 Julai

Zablon,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikaisoma tena. Mama mmoja aliyeleta mtoto akaniuliza, "Sista, umefiwa?" Nikamwambia hapana, nina mdogo wangu anasoma sana.

Unajua hapa kwetu tunakula vipi siku hizi? Shemeji yako anaweka simu karibu na bakuli la mboga. "Hebu sikia tena Mzee alivyosema. Mzee hapayuki, mama, Mzee anatoa neno moja na kunyamaza." Juzi alinisimulia jinsi Mzee alivyomjibu Mtoto wa Ilala, akasema, "Huyu angekuwa baba mkwe wangu ningefaidi." Nami nikasema baba yangu ana shida gani. Akasema baba yako haongei, Recheli, hata ukimuuliza mvua.

Sasa nikueleze ambalo hulijui, ukae nalo vizuri. Raymundi ni mweka hazina wa kwaya ya kigango. Kwa miaka miwili wale watu wamechanga kununua kinanda. Wameuza maandazi, wamelima ekari ya karanga, wameimba kwenye harusi za watu wasiowajua mpaka Nzega mjini. Kinanda kinatakiwa kipigwe siku ya sikukuu ya kigango, Kutukuka kwa Msalaba, tarehe kumi na nne Septemba. Ilipatikana milioni mbili na kidogo, na kinanda wanachokitaka ni milioni tatu. Hela yote iko kwenye Nzuki. Ameiweka tangu tarehe ishirini na tatu Juni, bila kwaya kujua. Hesabu za tarehe unazijua mwenyewe. Wewe uliandika habari ya ndoo tarehe ishirini na moja.

Sijamwambia. Barua yako nimeiweka kwenye kabati la chanjo, hapafunguliwi na mtu ila mimi.

Nataka unijibu swali moja, na usinijibu kama mtu aliyesoma vitabu. Hizo ndoo ulizoziona zilikuwa zinakwenda porini au zinatoka?

Dada yako,
Recheli


Shuleni, Tabora
Jumapili, 27 Julai

Dada Recheli,

Shikamoo.

Zilikuwa zinakwenda.

Nimejaribu kuandika sentensi nyingine kabla ya hiyo na zote nimezifuta. Zilikuwa zinakwenda. Sikuona hata moja inarudi, kwa sababu nilirudi shuleni kabla watu hawajatoka kwenye makambi yao ya asali. Nilifikiri hivi: baba hajawahi kubeba zaidi ya ndoo kumi, na mwaka huu alibeba thelathini. Baba si mtu wa kubeba mzigo wa bure. Kwa hiyo asali ipo. Nikaona nimefikiri vizuri kuliko wote kwenye kundi.

Utasema kwa nini sikumuuliza. Wewe umelelewa nyumba ileile. Mtu aliye porini haulizwi mavuno mpaka amerudi, ameoga, na mama amewapelekea majirani sahani zao. Unakumbuka nikiwa mdogo nilimkimbilia njiani, nikamuuliza, "Baba, umepata ngapi?" Akapita kama hakuniona, na siku tatu hakuniita jina. Kwetu kuuliza hivyo ni kama kumhesabia mtu watoto. Basi sikuuliza. Niliangalia ndoo badala yake.

Nafikiri shemeji aambiwe. Nafikiri umwambie wewe, kwa sababu mimi nikimwandikia atasoma mbele ya watu, unamjua. Mwambie auze sasa, arudishe hela kwenye hazina, watachanga inayopungua. Niko tayari anichukie.

Usiku sisomi. Ninafungua kitabu cha historia, kinazungumzia misafara iliyopita hapa, wapagazi maelfu, nami nahesabu mistari bila kuelewa. Mustafa anadhani nina malaria.

Zablon


Puge
Jumamosi, 2 Agosti

Zablon,

Kwanza kunywa maji, ule, ulale. Malaria ya mawazo sina dawa yake.

Sitamwambia. Nisikilize kabla hujaanza kunihubiria. Bei imefika mia sita na arobaini. Ikifika mia saba, Raymundi atauza, kinanda kitapatikana chote, na hakuna mtu katika kwaya hii atakayejua kwamba fedha yao ilisafiri. Nikimwambia leo kwamba Mzee wake ni mtoto wa shule, hatauza kwa utulivu. Atalia, ataandika kwenye grupu, atamwendea katekista. Raymundi ni mtu mwema, ndiyo shida yake.

Na wewe huna uhakika kwamba asali haipo. Umekosea namna ya kujua, lakini huenda umejua kweli. Kwa hiyo nenda ukaone. Nane Nane ni Ijumaa, omba ruhusa ya siku tatu, sema unakwenda kumsaidia baba. Ingia kambini. Ukiisha kuona, niambie mimi. Mimi kwanza, Zablon, kabla ya grupu, kabla ya mtu yeyote. Hisa hizi ndogo hazina wanunuzi kila saa. Mtu anaweka oda ya kuuza na kusubiri aje anayetaka. Tukijua mapema, tunapata siku mbili za kutoka bila kelele. Ndicho ninachokuomba, siku mbili.

Nakunakilia ya jana ili ujue hali, Raymundi alipokuwa anaoga nilichukua simu:

Mtoto wa Ilala: Jamani hii kampuni hata ghala imepanga. Mwisho wa mwezi wanatangaza tani walizokusanya. Zisipofika, mkataba hakuna. Mia sita na arobaini ya nini?

Chui wa Ipuli: Si uuze uondoke, unatupigia kelele za nini.

Mtoto wa Ilala: Niliuza zamani. Nimebaki kuwaangalia Wanyamwezi, watani zangu. Babu zenu walibeba pembe za watu mpaka pwani wakalipwa kaniki. Nyie mnabeba hisa za watu bure.

Bi Tunu wa Goweko: Na babu yako tulimbeba hukohuko, alishindwa kutembea. Mimi nasubiri neno la Mzee. Hela ya tumbaku imetoka. Akisema ndoo zimejaa, naiweka yote.

Chui wa Ipuli: Yote, Bi Tunu? Na mbolea?

Bi Tunu wa Goweko: Mbolea nimekopa miaka kumi, chama kinanijua. Mwaka huu nataka na mimi nikae kivulini.

Raymundi wa Puge: Mzee yuko porini, Bi Tunu. Tumvumilie. Akitoka atasema.

Umeona. Wanakusubiri. Nenda Sikonge.

Recheli


Sikonge
Jumamosi, 9 Agosti

Dada Recheli,

Shikamoo. Nakuandikia jikoni kwa mama, kesho basi la kwanza litaichukua.

Niliazima baiskeli ya jirani jana asubuhi nikaingia msituni. Nilifika kambini mchana. Baba alinipokea kama vile nilikuwa nimetoka kuchota maji. Akasema, "Ugali upo." Nikala. Wenzake wawili walikuwa wanasokota kamba za mizinga. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sipo shule.

Ndoo za njano niliziona kabla hata sijaegemeza baiskeli. Zimepangwa chini ya mti, moja juu ya nyingine, zimefunikwa. Nyingi bado zina karatasi ya dukani. Niliendelea kujidanganya kidogo. Nikasema labda zilizojaa zimefichwa kwenye kibanda kwa sababu ya nyegere.

Jioni nikamuuliza. Tulikuwa wawili, anaosha mikono. Nikasema, "Baba, naomba unisamehe, nataka kujua asali ipo au haipo." Akaendelea kuosha mikono mpaka maji yakaisha kwenye kibuyu. Kisha akaenda kulala.

Nilijua nimekosa, nikalala na aibu. Lakini leo alfajiri akanigusa mguu. "Chukua kamba." Tukaenda kwenye miti ya muba. Akanipandisha mimi, yeye akabaki chini ameshika kamba. Mzinga wa kwanza niliusukuma kwa bega nikitegemea uzito, nusura nianguke, maana ulikwenda kama kapu tupu. Ndani kuna masega meusi ya mwaka juzi na nyuki wachache. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa na asali, masega mawili ya ukubwa wa kiganja. Tulikwenda miti kumi na moja. Alikuwa ananielekeza kwa kidevu, panda huu, panda ule. Niliposhuka mti wa mwisho akanitoa miiba kwenye shati, akasema, "Umeona mwenyewe. Mimi sijasema neno."

Njiani kurudi kambini ndipo akazungumza, na hakuzungumza habari ya asali. Alisema mvua ya mwezi wa tatu ilikuwa ya mawe, ikapukutisha maua yote. Nikamuuliza basi ndoo alizibeba za nini. Akasema, "Walikuja na kamera. Wakasema kila mfugaji apewe thelathini, apige picha nazo. Ndoo ni ndoo, mama yako atachotea maji." Akacheka kidogo. Dada, zile picha zipo kwenye taarifa ya kampuni. Niliziona mwezi wa sita. Nilizihesabu ndoo.

Makambi mengine manne niliyopita ni hivyohivyo.

Ulisema nikuambie kwanza. Nilipofika barabarani nikakupigia kwa simu ya mama niliyokwenda nayo. Akapokea shemeji. "Ehee, shemeji yangu, ndoto yangu ya mchana! Recheli yuko wodini. Vipi huko Sikonge, Mzee wetu hujamwona huko, mtu mmoja mrefu mwenye hekima?" Nikasema hapana. Akasema, "Ukimwona mwambie kwaya inamwombea." Nikasema nawasalimu tu. Nikakata.

Kwa hiyo sasa wewe unajua, kabla ya mtu yeyote. Nimefanya ulivyotaka. Lakini nimefikiria zile siku mbili njia nzima kwenye baiskeli, na kuna kitu sikielewi, naomba unieleweshe. Shemeji akiuza, ananunua nani? Nimefungua kundi jioni hii. Watu wanabishana, lakini aliyesema anaweka hela ni mmoja tu. Bi Tunu ameandika leo kwamba Jumatatu soko likifunguliwa anaweka oda, Mzee aseme asiseme, maana kunyamaza kwa Mzee nako ni ishara njema.

Kesho narudi Tabora. Mama amenipa simu yake, nimemwambia nitairudisha kwa basi Jumatatu. Sijaandika kitu. Nitasubiri jibu lako dukani kwa baba yake Mustafa Jumatatu asubuhi.

Zablon


Puge
Jumapili, 10 Agosti

Mdogo wangu Zablon,

Barua imenifikia saa tisa. Nakujibu harakaharaka, basi la alfajiri liiwahi.

Nimemwambia Raymundi auze kesho. Sikumpa sababu, nilimwambia nimeota vibaya. Akanitania sana, lakini amekubali, ameandika oda kwa mia sita na arobaini, anaituma soko likifunguliwa. Wewe usiandike chochote. Si kesho, si keshokutwa. Jumatano andika unachotaka, andika hata matanga.

Umeniuliza ananunua nani. Nimelielewa swali lako tangu mstari wa kwanza, usinifanye mtoto. Bi Tunu simjui. Sijawahi kumwona uso. Ninaowajua ni watu kama Adelina anayeimba sauti ya kwanza, aliyelima karanga zile akiwa na mimba ya miezi minane, nikamzalisha mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nikikutana naye kisimani nitamwambia nini?

Na kuna jingine, kwa sababu leo si siku ya kufichana. Nilikuandikia kwamba Raymundi aliweka hela ya kwaya. Aliiweka, lakini neno lilikuwa langu. Yeye alitaka kuweka ya kwetu tu, ile ndogo ya kununulia bati. Mimi ndiye niliyesema, "Kama Mzee anasema kweli, kwa nini kwaya isifaidi? Itaongezeka, tutairudisha, hakuna atakayejua." Alikataa siku nzima. Nikamcheka kwamba ni mwoga. Unajua Raymundi akichekwa na mimi.

Kwa hiyo ukisema, humwangushi yeye. Unaniangusha mimi, na mimi ndiye niliyekufundisha kusoma kwa kutumia makopo ya dawa. Nyamaza siku mbili. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako,
Recheli


Shuleni, Tabora
Jumatano, 13 Agosti

Dada Recheli,

Shikamoo. Najua mengi umeshayasikia, lakini hukusikia kutoka kwangu. Nakuandikia nilivyofanya, moja baada ya jingine.

Jumatatu saa mbili kondakta alimpa Mustafa barua yako. Niliisoma nyuma ya marobota ya vitenge. Nilipofika kwenye makopo ya dawa niliacha kusoma kwa muda. Ni kweli. Neno la kwanza nililosoma maishani lilikuwa la kopo la vidonge vya minyoo.

Nilitaka kunyamaza. Nataka ujue hivyo. Nilikaa na simu mfukoni, nikajiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo, kwamba uongo niliusema Juni na sasa nimepumzika tu. Halafu nikafungua kundi nione kama Bi Tunu amebadili mawazo. Alikuwa ameandika alfajiri: "Shikamoo Mzee popote ulipo. Leo naingia." Nikaona nisipojibu, nimeitikia tena.

Kwanza nikampigia shemeji. Sikutaka asome kwenye kundi kama watu wengine. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nilichokiona msituni, na kwamba nawaambia watu sasa hivi kabla soko halijafunguliwa. Hakunitukana. Akasema polepole, "Nipe mpaka saa nane, Zablon. Ni za kwaya." Nikasema, "Siwezi, shemeji. Anayenunua ni Bi Tunu." Akasema, "Najua." Akarudia tena, "Najua." Sikumwambia kwamba neno lilikuwa lako. Hilo ni lenu.

Kisha nikabonyeza kile kidude cha sauti kwenye kundi. Maandishi wangesema simu ya Mzee imeibwa. Nilitaka wasikie ni mtoto. Nikasema jina langu na kidato changu, nikasema sina mizinga, nina baba mwenye mizinga, na hana asali, na makambi matano hayana asali, na ndoo nilizoziona zilikuwa zinakwenda. Nikasema walioniamkia wanisamehe, nilipokea kitu kisicho changu. Sikuirudia.

Kisha Mtoto wa Ilala akaandika, "Dogo wa homuweki?" Nikajibu ndiyo. Hakunitania. Chui wa Ipuli alisema nimelipwa na watu wanaotaka kununua kwa bei ya chini, akaniita maneno ambayo siyaandiki. Nikaweka namba, wengine wakaanza kupiga. Nilipokea kila simu. Mwalimu mkuu mstaafu alitaka kujua kama wazazi wangu wana habari. Mwanamke mmoja alikuwa analia tu, nami nikabaki nimeshika simu mpaka akakata yeye. Baba yake Mustafa alisikia yote kutoka kwenye meza yake ya kupimia. Aliniletea kahawa, akasema, "Kunywa, endelea kupokea."

Bi Tunu alipiga karibu na adhuhuri. Ana sauti nzito, nilidhani ni mwanamume. Akasema, "Mwanangu, kwa hiyo wewe ndiye Mzee?" Nikasema ndiyo, shikamoo. Akakaa muda mrefu kabla ya kusema marahaba. Akasema oda yake ameiondoa, lakini alikuwa na nyingine alizonunua Julai, na hizo sasa hazina mtu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Radhi nitakupa nikisha kujua nimepoteza kiasi gani. Kwa sasa bado nahesabu." Nilimwona mkweli kuliko sisi wote.

Oda ya shemeji haikupata mtu. Mustafa ameniambia leo ni mia tatu na kumi.

Saa tisa simu ya mama nilimpa kondakta wa basi la Sikonge. Nilirudi shuleni, nikaenda kwa patroni, nikamweleza kwa nini nimekosa siku nzima ya masomo. Alidhani natunga, nikamwomba ampigie baba yake Mustafa, akampigia. Nimepewa wiki mbili za kufyeka nyasi nyuma ya bweni, nimeanza jana.

Hujaniandikia tangu Jumapili. Sikulaumu. Hela yangu ya matumizi ya muhula ilikuwa imebaki nusu. Leo mchana Mustafa amekwenda stendi kwa ajili yangu, amenikatia tiketi ya basi la Nzega la Jumamosi alfajiri. Patroni ametoa ruhusa. Kwaya yenu hufanya mazoezi saa nane. Nitashuka Puge, nitakwenda moja kwa moja kanisani, nitakaa benchi la nyuma mpaka shemeji aniite au mpaka wamalize kuimba, kisha nitasimama niwaambie Mzee ni nani.

Tiketi ni ya kwenda tu.

Mdogo wako,
Zablon